Usimsifu Mbwa Ukingoni mwa Shimo

Awuor binti yangu,

Usiisome hii steji. Isome gari likishapita mashamba ya mpunga ya Ahero na kuanza kupanda kuelekea Kericho, ukiwa umekaa, umefunga mkanda, na dereva hana sababu ya kusimama. Nataka uwe mahali ambapo huwezi kushuka ukarudi kunikumbatia wala kunigombeza.

Mambo ya soksi, ya kadi ya hospitali, ya kutokula kila kitu kinachouzwa dirishani, mama yako amekuambia wiki nzima na bado ataongezea mlango wa gari ukifungwa. Mimi hapo sina la kuongeza.

Sasa hivi ni alasiri. Ninyi wawili mmeenda soko la Kibuye kutafuta blanketi, kwa sababu kuna mtu alimwambia mama yako kwamba Laikipia maji hugandia kwenye sufuria. Nimebaki peke yangu hapa Nyamasaria, nimeketi mlangoni na daftari lako la zamani la hesabu, lile ambalo mwalimu alikuandikia kwa wino mwekundu "jitahidi". Nami najitahidi. Mtu aliyeacha shule darasa la sita kuandika barua ndefu si mchezo. Nikikosea mahali, sema ni lafudhi. Mbele yangu naona vilima vya Kajulu, na mawingu yameanza kukusanyika juu yake kama kila siku saa hizi. Kila nikiandika mstari mmoja nainua kichwa navitazama, halafu nasahau nilikuwa wapi.

Unajua baba yako ni nani. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Kampala, Kigali, Goma na Juba. Naweza kusalimia kwa lugha saba na kutukana kwa kumi na moja. Nimelinda kampaundi ya Mhindi mmoja pale Milimani, ambako mbwa walilala kwenye magodoro na mimi kwenye kiti, na daktari wao akija asubuhi alikuwa akiwasalimu wao kwanza. Na juu ya hayo yote, kutoka hapa mpaka Kajulu hakuna mtu aliyewahi kumfundisha mbwa kama mimi. Hayo si majivuno, hiyo ni habari.

Siku ulipopata barua ya kuajiriwa kwenye ile hifadhi ya wanyama, ati kazi yako itakuwa kuongoza mbwa wa kunusa nyayo za majangili msituni, nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Nikamwambia, "Binti yangu atalipwa mshahara kila mwezi kukamata watu kama baba yake." Kwa maana sheria ilikataza kuwinda tangu zamani sana, na sisi tulikuwa tukipanda vilimani na mbwa na mikuki, tukisema tunafukuza nguruwe mwitu wanaoharibu mihogo ya watu. Nguruwe walikuwepo kweli. Mihogo pia. Lakini hakuna mwenye shamba aliyelalamika tulipowashusha wakiwa wamefungwa kwenye mti, tayari kwa sufuria.

Nilicheka hivyo wiki nyingi. Niliacha kucheka mwezi uliopita, wikendi ile uliyokuja kutoka mafunzo ukakaa hapa kwenye kochi na simu yako.

"Baba, njoo umwone Pili," ukasema.

Nikamwona Pili, mbwa wa kahawia mwenye masikio marefu, amevaa mkanda wa kifuani, na wewe nyuma yake umeshika kamba ndefu. Mnashuka bonde la mawe. Mawe makubwa, vichaka, udongo umelowa. Na juu ya hayo yote sauti yako: "Haya Pili! Mtafuna chuma! Mwana wa mama asiyelala! Songa, kilima chote kinakutazama!"

"Umesikia, Baba?" ukaniuliza, macho yanang'aa. "Si hayo ni maneno yako? Mwalimu wetu amesema sauti yangu inaweza kumpandisha mbwa ukutani."

"Inaweza," nikasema.

Mama yako akapiga makofi jikoni. "Leo mzee amejibu kwa neno moja! Andikeni ukutani."

Chakula sikula siku ile. Mlidhani ni malaria.

Maneno hayo ni yangu, kweli. Niliyatunga mwenyewe, kwa ajili ya mbwa wangu Meneja. Na maneno hayo, Awuor, yalimuua mtu. Mtu huyo unamjua. Kwa miaka kumi na tano umeamini alikufa kwa sababu nyingine, na aliyekuambia ni mimi. Sasa unakwenda na maneno hayo mdomoni kwenye mawe ya watu, na kamba mkononi. Ndiyo maana naandika. Nikikaa kimya na wewe uanguke, sijui nitamwangalia nani tena.

Ngoja nianze na uongo mdogo, ili mkono uzoee.

Hili kovu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia, nimekuambia mara mia kwamba ni panga la jambazi wa Goma, na kwamba jambazi mwenyewe mpaka leo hatumii mkono wake wa kushoto. Hakuna jambazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilikuwa na mbwa jike jina lake Kadogo, na tulikuwa ufuoni upande wa Dunga, kwenye mafunjo. Nilikuwa nimezungusha kamba yake mkononi mara tatu ili asinitoroke mbele ya watu. Kenge akatokea. Kadogo akaondoka. Kamba ikakaza, nikaburutwa kwenye visiki vya mafunjo vinavyokata kama kisu, mpaka majini, na kiboko anapumua karibu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Aliyeniokoa ni mama aliyekuwa akisafisha samaki hapo. Aliingia maji mpaka kiunoni, akakata kamba kwa kisu chake, akanitazama na kuniuliza, "Kijana, kati yenu ni nani aliyemfunga mwenzake?"

Basi, kamba yako ishike kwa vidole, binti yangu, usiizungushe kamwe mkononi. Mbwa akienda bila wewe, utamtafuta. Ukienda naye, sisi tutawatafuta wawili.

Umeona? Huo umetoka. Sikufa.

Sasa Owiti. Wewe ulimwita Baba Akoth, kwa kuwa Akoth wake na wewe mlikuwa mkishiriki kikombe kimoja cha uji. Alikuwa fundi wa baiskeli hapa barabarani, mrefu, mikono myeusi kwa grisi. Watu wakituona pamoja walisema mimi ndiye redio na yeye ndiye betri. Neno moja kwa siku lilimtosha. Lakini mambo ya mbwa aliyajua, na hilo sikuwahi kulikubali mbele ya mtu nikiwa na akili zangu. Nalikubali leo. Aliyajua kuliko mimi.

Alikuwa na kazi yake ambayo hakuna mwingine aliyeifanya. Siku moja kabla ya kupanda vilimani, alikwenda peke yake bila mbwa, akatembea njia yote. Kajulu unaiona kwa mbali kijani tu, ukadhani ni malisho. Ukifika ni mawe juu ya mawe, na kati ya mawe vichaka vya nyabende, vile vyenye maua ya rangi mbili na miiba midogo, vimefunika kila kitu. Chini ya nyabende kunaweza kuwa na ardhi, na kunaweza kusiwe na kitu. Watu wamechimba mawe huko tangu zamani na wakichoka huacha shimo wazi. Owiti alikuwa akichana leso kuukuu iliyopauka ya mke wake vipande vipande, na kila penye shimo au mteremko mbaya anafunga kipande kwenye tawi. Kitambaa cheupe. Ukikiona, mbwa unamrudisha. Pia alibeba maji, na waliokunywa kwanza walikuwa mbwa.

Mimi nilikuwa nikimcheka. "Jamani, Owiti amepamba kilima! Bibi harusi ni nani?" Watu wakacheka, naye akacheka pia, akaendelea kufunga. Nikwambie ukweli, kwa miaka ile yote hatukupoteza hata mbwa mmoja, na sifa nikachukua mimi.

Lazima uelewe vile sisi tulivyokuwa tukiwinda, kwa sababu ninyi mnafundishwa kwa filimbi na vitabu. Kwetu mbwa wa kwanza kushika, mwenye mbwa hupata paja la nyuma, na jina lake linatajwa mpaka msimu mwingine. Kwa hiyo mbwa wako akishika, unapaza sauti na kumpigia majina ya sifa, ili walio mbali wajue ni mbwa wa nani. Na mbwa anajua. Akisikia majina yale, meno yanaingia zaidi. Meneja nilimfundisha tangu akiwa mtoto, kwa kipande cha ngozi ya ng'ombe. Akishika, namsifu. Akiachia, nanyamaza. Nilimwita Meneja kwa kuwa maishani sikuwahi kuwa na meneja anayenisikiliza, na huyu alinisikiliza mpaka basi. Lilikuwepo jambo moja tu la kumfanya aachie: jina lake tupu, bila pambo, mara mbili, kwa sauti ya chini. "Meneja. Meneja." Hapo alifungua mdomo na kurudi kama mtoto aliyeitwa kula.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, majira ya mvua ndefu. Mama mmoja wa Kajulu alikuwa ametuma habari kwamba nguruwe wamemaliza mihogo yake. Tulikwenda wanaume saba. Wewe ulikuwa na miaka minane. Owiti aliyatazama yale mawe yaliyolowa, akamfunga mbwa wake kamba fupi.

"Leo panateleza," akasema. "Tupige kelele tu, waende zao."

"Omera, ndugu yangu, wewe na mbwa wako mngebaki nyumbani mpike chai," nikamwambia, na wenzetu wakaangua kicheko.

Watano walishuka kuzuia njia ya kijito. Mimi na Owiti tukabaki juu. Haikupita muda, Meneja akamtoa nguruwe dume, mkubwa kama pipa, akamfukuza kati ya mawe, akamshika sikio. Nguruwe akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka makalio yake yakaingia kwenye nyabende. Na juu ya nyabende ile kulikuwa na kitambaa cheupe.

Nilikiona, Awuor. Sitaki uje ukaniambia kwamba pengine sikukiona.

"Mwite mbwa wako!" Owiti akapaza sauti. Yeye alikuwa karibu, mimi nilikuwa juu ya jiwe, hatua kama ishirini. "Shimo liko nyuma yao! Mwite!"

Nami nilifungua mdomo. Maneno mawili tu yalihitajika, na nilikuwa nayo. Lakini kule chini watu watano walikuwa wakisikiliza, na mbwa wangu alikuwa ameshika wa kwanza, na dume lenyewe ni kubwa kuliko lolote tulilowahi kuliona. Nikajaza kifua hewa. "Meneja! Mtafuna chuma! Mwana wa mama asiyelala! Shika, kilima chote kinakutazama!"

"Baba Awuor, nakuomba," Owiti akasema. "Mwite." Hakuwahi kuniomba kitu tangu tujuane. Hata pampu ya baiskeli yangu alikuwa akiichukua tu.

Nikasifu tena.

Akamfunga mbwa wake kwenye mti, akapiga magoti, akatambaa juu ya lile jiwe lenye ukungu wa kijani, akamshika Meneja miguu ya nyuma ili amvute. Alikwenda kumwokoa mbwa wangu. Na mbwa wangu, kwa kuwa alinisikia mimi, hakuachia. Nguruwe akajitupa nyuma mara moja. Sikuwaona wakianguka. Niliona kitambaa kikitikisika, halafu pale palipokuwa na watu watatu, yaani mtu na mbwa na nguruwe, pakawa na kichaka tu.

Nilishuka vipi sijui. Shimo lilikuwa na kina cha watu watatu waliosimama mabegani mwa wenzao. Nguruwe alikuwa amekufa, Meneja analia na mguu umevunjika, na Owiti amelala chali juu ya mawe, macho wazi. Nilidhani amekwisha. Akanitazama.

"Omera, nani ameshika kwanza?"

"Meneja," nikasema.

"Aa-aa. Meneja alishika nguruwe, mimi nikamshika Meneja. Paja ni langu."

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli, kwa kuwa ilikuwa nzuri, kwa kuwa mtu wa neno moja alikuwa ameniachia mzaha bora kuliko yangu yote. Hakusema tena ila kwamba miguu yake haina joto. Tulimbeba kwa miti miwili na magunia. Alikata roho kabla hatujafika barabarani, pale njia inapovuka kijito, na tuliendelea kumbeba haraka vile vile kwa muda, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema.

Tulipomweka chini, mzee mmoja kati ya wale watano akaniuliza, "Tulisikia sauti yako, lakini mbwa walibweka sana. Ulikuwa ukisema nini?"

"Nilikuwa namwita mbwa arudi," nikajibu. "Owiti hakunisikiliza."

Hayo tu. Hayakuwa hata na jasho. Nimedanganya askari wa mipaka minne kwa ajili ya magunia ya sukari na nikatetemeka, lakini hili lilitoka laini kama mate.

Halafu likakua. Matangani nilipewa kipaza sauti kama rafiki mkubwa wa marehemu. Unanijua nikishika kipaza sauti. Nikaeleza vile Owiti alivyokuwa mbishi, vile mtu ungemwambia usipite huku naye apite huku, nikaiga mwendo wake mrefu. Watu wakacheka huku wakilia. Walisema hawajawahi kusikia hotuba kama ile. Na ikawa hivyo. Owiti, mtu aliyetembea kilima kizima siku moja mapema akisikiliza mawe, akazikwa kama mtu asiyesikia la mtu.

Mama Akoth alikuja kwangu siku ya tatu. Akanishika mikono yote miwili. "Asante kwa kujaribu kumzuia," akaniambia. Kila Krismasi tangu wakati huo ametuletea kuku, nawe umemla kuku huyo, umesifu mchuzi wake. Alipohamia Migosi na kufungua kibanda chake cha kushona, nilidhani sasa ataacha. Kuku anakuja kwa bodaboda.

Na mwaka juzi, Akoth alipotaka kununua pikipiki kwa mkopo, nilikuwa nimekaa pale kwao nikinywa chai. Mama yake akamwambia, "Wewe ni baba yako mtupu. Huambiliki. Unataka kwenda kama alivyokwenda?" Akoth akaangalia chini. Mtoto huyo amekua akiona haya kwa ajili ya baba yake. Nami nilikuwa na kikombe mkononi. Nikasema kitu cha kuchekesha, chai ikaendelea.

Utauliza kwa nini sikusema, miaka yote hii. Nimejiuliza sana. Sikuogopa polisi, hiyo nakuapia. Mtu ambaye kazi yake ni kuchekesha watu anaogopa kitu kimoja tu, nacho ni kuingia chumbani na watu wanyamaze.

Kuna jambo lingine, hili ni lako. Meneja alipona, mguu ukabaki umepinda. Wewe ndiye uliyemuuguza, ukimpa ugali uliolowekwa kwenye supu ya omena. Siku moja jioni ulisimama karibu na tangi la maji, ukaweka mikono kiunoni kama mimi, ukapaza sauti: "Meneja! Mtafuna chuma!" Na yule mbwa akainuka kwa miguu mitatu, anatetemeka mwili mzima, anatafuta huku na huku kitu cha kushika. Nikatoka ndani nikakupiga kofi. Bakuli likaanguka. Ndiyo mara pekee nimewahi kukupiga. "Nimefanya nini?" ukaniuliza. Nikasema unapiga kelele. Ukaniuliza tena ukiwa kidato cha pili, nikakwambia mkono uliteleza. Hukufanya kitu, mama. Ulisema maneno ya baba yako vizuri sana, basi.

Alikufa kwa uzee, Meneja, miaka miwili baadaye, nyuma ya jikoni. Wewe na mama yako mlimzika. Mimi nilikuwa nimekwenda Busia. Busia sikuwa na kazi.

Sikwambii unyamaze. Sauti yako ni nzuri, na mbwa hupenda kusikia kwamba yuko na mtu. Lakini nimekaa na jambo hili miaka kumi na tano na nimeona hivi: mbwa hana njia ya kujua kwamba unajionyesha. Ukisema kilima kinamtazama, anaamini. Ukimwambia shika, anashika hadi chini. Kwa hiyo mfundishe Pili kuachia. Mfundishe kuachia kwa uzuri ule ule wa kushika, umsifu akiachia, ufanye hivyo kila siku hata mkiwa uwanjani hamna kazi. Siku usiyo na hakika kama ataachia, usimpeleke mahali ambapo hujui ardhi inaishia wapi. Mawe yakiwa na ukungu wa kijani, kamba fupi, jina lake tupu. Na ukiweza, utembee mbele yake kwanza, hata wenzako wakikucheka. Watakucheka. Nakuambia kama mtu aliyecheka.

Na mtu akikuambia mwite mbwa wako, mwite. Usiulize ni nani anayesema. Anaweza kuwa mdogo wako kazini, anaweza kuwa mwoga, anaweza kuwa amekosea. Mwite kwanza, mbishane baadaye mkiwa mmekaa wote. Jangili atapatikana siku nyingine. Na huyo jangili naye, Awuor, anakimbia na miguu miwili kwenye mawe hayo hayo. Mkimfikia ukingoni, kumbuka anaweza kuwa mpumbavu tu mwenye mke nyumbani. Mimi nilikuwa mmoja wao na kwa siku nyingine zote sikuwa mtu mbaya.

Sasa utakuwa umeona kwamba sikuja steji asubuhi ya leo. Hakuna mahali pengine nilipotaka kuwa. Lakini Mama Akoth hufungua kibanda chake saa tatu, na kabla ya hapo huwa peke yake nyumbani. Gari lako nalo ni saa tatu kasorobo. Ningekuja kukuona ukiondoka ningelia, na mimi nikishalia kidogo huwa naona nimeshalipa, narudi nyumbani kulala. Najijua. Kwa hiyo ukipanda gari mimi niko njiani kwenda Migosi, kwa miguu, bila kuku wala zawadi.

Mama yako nimeshamwambia. Aliosha sufuria moja mara tatu. Halafu akasema, "Utakwenda mwenyewe. Mimi sikusindikizi." Hajanisemesha tena, ila ameninyooshea shati.

Sijui itakuwaje. Mama Akoth anaweza kunifukuza. Anaweza kuita watu, na kusema kweli ingefaa aite, kwa maana nilisema uongo mbele ya watu. Hapa Nyamasaria labda nitakuwa mtu mwingine kabla hujafika Nakuru. Hilo ni langu. Kinachoniuma ni kwamba sehemu yake itakuangukia wewe, kwa sababu Akoth ndiye rafiki yako wa kwanza duniani, na nimemnyima baba yake mara mbili.

Nimeandika kwenye karatasi nyingine nitakachosema, ili nisipotee. Kinasema: "Mama Akoth, shimo Owiti aliliona siku moja kabla, na alikuwa ameweka kitambaa. Aliniomba nimwite mbwa. Nilimsikia. Akaniomba mara ya pili. Sikumwita." Nimekisoma kwa sauti hapa mlangoni mara nyingi, kila mara ulimi ukitafuta mahali pa kuchomeka mzaha. Hapana nafasi.

Akoth akikupigia simu, pokea. Msikilize mpaka amalize yote. Usinitetee.

Baba yako